Siku Nilipompa Mwenyekiti Mume

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi katika maisha haya, nimeanguka na debe la maji mbele ya wakwe, nimeimba kanisani ubeti ambao wenzangu walikuwa wameshaumaliza, lakini aibu yenyewe hasa ni ile ya siku ya pampu, na sina wa kumsingizia, niliitafuta kwa mdomo wangu huu. Watu huisimulia kwa kuongeza chumvi (wapo wanaosema eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu kwa sababu miguu ilikataa), kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Kwanza mjue nilivyoolewa. Mimi ni mke wa nyumba ntobu. Kwa Mkurya hapo nimemaliza, lakini naona leo tunao mashemeji kutoka Shinyanga, basi nieleze. Mama mmoja, Robi, alifiwa na mumewe, mzee Marwa, bila kupata mtoto wa kiume, mabinti wote wameshaolewa, na kwetu nyumba ya namna hiyo inahesabiwa imekwisha. Akachukua ng'ombe wa mahari ya mabinti zake, akawaswaga mpaka kwa baba yangu, akanioa mimi Ghati. Ndiyo, yeye mwanamke na mimi mwanamke. Nyumbani nilimwita mama, lakini mwenye kunioa alikuwa yeye, na watoto nitakaozaa ni wa boma la mzee Marwa. Wa kunipatia hao watoto alikuwa Mwita, kijana wa ukoo wa jirani, mwenye masikio mapana na maneno machache (hivyo ndivyo nilivyodhani), aliyekuja jioni, akala, na alfajiri akashika njia yake. Mtu kama huyo kwa desturi yetu si mume wala si baba. Hana kiti bomani, hampi mtoto jina. Akisimama mbele ya wazee akasema mtoto ni wake na asipatikane wa kumkatalia, basi siku moja mtoto atahamia kwao, na ng'ombe wa Robi watakuwa wamekwenda bure.

Mimi nilikwisha kumzalia Robi mtoto wa kiume, naye akampa jina la mumewe, Marwa. Alikuwa bado wa kubebwa mgongoni wakati wa mkasa huu.

Haya. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu yaliyotawanyika huku na huku, tumepangwa mistari kama mahindi, Wakurya wa koo zilizokuwa hazisalimiani, Wajaluo wachache, na familia moja ya Waikoma waliotoka upande wa Serengeti, wote tunalima shamba moja, si mbali na Kerende. Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa mzee Nyamhanga. Mke wake mkubwa tukamwita Mama Mwenyekiti (wale wadogo wawili waliendelea kuwa Mama fulani na Mama fulani, cheo hakikuwatosha wote). Huyo Mama Mwenyekiti hakuchaguliwa na mtu, hakuongoza hata palizi, lakini sukari ikija dukani hapangi foleni, mkutanoni anawekewa kiti chenye mgongo, na sisi wengine tunamwamkia shikamoo hata waliomzidi umri. Sikuona ubaya. Mume akiwa mkubwa, mke naye anakuwa mkubwa kidogo, ndivyo tulivyozoea.

Kisha mzee Nyamhanga akaondolewa kwa mambo ya mahindi ya kijiji ambayo tuyaache, na watu wakamchagua Robi. Walimchagua kwa sababu ya maji. Yeye ndiye aliyekwenda wilayani kwa miguu kudai kisima, akarudi, akaenda tena, mpaka wakamchoka wakaleta mabomba. Siku alipochaguliwa mimi nilirudi nyumbani nikaoga, nikajifunga kitambaa kipya, nikakaa nje. Nilikuwa nasubiri kuitwa Mama Mwenyekiti. Msinicheke, ningekuwa mnafiki nikisema sikukitaka hicho cheo. Nilikitaka sana. Nilikuwa nimechoka kuitwa "yule wa Robi", tena na wageni wa kijijini ambao walikuwa wakinong'ona kisimani kwamba mimi ni mtumishi, wengine wanasema ni binti yake aliyeharibikiwa.

Hakuna aliyeniita. Mke wa mzee Nyamhanga aliendelea kuwa Mama Mwenyekiti ingawa mwenyekiti wake alishavuliwa, na mimi nikaendelea kupanga foleni ya sukari na kibakuli changu. Mwenzangu katika msiba huo alikuwa Elias, mume wa mwalimu mkuu wa shule yetu. Mke wa mwalimu mkuu aliyepita aliitwa Mama Mkuu, lakini Elias hakuitwa chochote, aliitwa "yule bwana wa mwalimu", na kwenye sherehe za shule alikaa na watoto wa darasa la kwanza akiwazuia wasipigane. Aliniambia siku moja tukiwa foleni kwamba heshima ya cheo ikipita kwa mwanamume inamfikia mkewe, ikipita kwa mwanamke inaishia hapo hapo. Nikampelekea Robi maneno hayo jioni, nikijifanya ni ya Elias peke yake. Akaniuliza, "Ghati, unataka jina au unataka maji?" Nikasema maji. Lakini moyoni nilitaka vyote.

Basi pampu ikafungwa kisimani, tukaambiwa mkubwa kutoka wilayani atakuja kuifungua pamoja na mke wake. Siku moja kabla, akaja kijana wa kupanga sherehe, tukamwita Bwana Itifaki. Hakuwa mtu wa kwetu. Shati jeupe, viatu vimeng'aa na vumbi lote lile la njiani, Kiswahili kinateleza kama mlenda. Robi alikuwa kisimani na mafundi, kwa hiyo akanikuta mimi nikipepeta ulezi, na Marwa mgongoni. Akaeleza kwamba mgeni atakaa meza kuu na mkewe, na kila kiongozi wa kijiji akae na mwenzi wake, viti vitapangwa wawili wawili. Akasema wilayani wanajua kwamba mwenyekiti wa hapa ni mwanamama, wamefurahi sana, na kwa kuwa siku hizi wote tuko sawa, mume wake naye atapewa kiti na atatangazwa kwa heshima zote. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Mume wa Mwenyekiti ni nani?"

Hapo ndipo, jamani. Jibu lilikuwa fupi. Ningesema, hana mume, ana mke, na mke ni mimi. Lakini nilikitazama kile kiatu, nikakumbuka mikutano yote ya miaka ile ambayo wakubwa walikuwa wanakuja kutuambia tuache mila za kizamani, tuvae hivi, tujenge vile, nikaona huyu atacheka kwanza, halafu atakwenda kusema, halafu watamvua Robi uenyekiti kabla pampu haijatoa hata ndoo moja. Na kusema kweli niliona haya. Nikaona haya kuwa mke wa Robi mbele ya mtu mwenye kalamu.

Mwita naye siku hiyo, sijui shetani gani alimleta mapema, alikuwa nyuma ya nyumba anarekebisha zizi. Jina likanitoka.

"Mwita," nikasema. "Yuko hapo nyuma."

Nilifikiri ataliandika tu aende zake. Kumbe mwenzangu alikuwa na adabu. Akazunguka nyumba, akamkuta Mwita ameshika kigingi, akainama kidogo akasema, "Shikamoo, Baba Mwenyekiti." Nikafumba macho. Mwita angeweza kusema umekosea, mimi ni mpita njia. Akaweka kigingi chini taratibu, akajipangusa mikono, akajibu, "Marahaba," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Alipoondoka yule kijana nikamshika Mwita nikamweleza kwamba ni kwa siku moja, akae kwenye kiti, asiseme neno, akimaliza kula aende. Akakubali haraka mno, na mtu akikubali haraka namna ile ujue ameshafika mbali. Jioni hiyo hiyo nikaambiwa ameonekana gulioni Nyamongo amevaa koti la kuazima, anawaambia watu yeye ni Baba Mwenyekiti, na dukani kwetu amepita mbele ya foleni ya sukari (ile foleni yangu mimi), na muuza duka amempimia. Kichwa kilikuwa kimeshamvimba.

Mtasema, kwa nini hukumwambia Robi usiku ule? Nilitaka. Alirudi amechoka, matope mpaka magotini, akazungumzia mabomba mpaka ugali ukapoa, namna maji yalivyokataa kupanda, namna fundi alivyofungua na kufunga, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tangu anioe. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikaamka, ameshakwenda kisimani.

Siku yenyewe ikafika. Chini ya turubai wameweka meza ya shule yenye kitambaa, viti vimepangwa wawili wawili kama alivyosema, na Landrova ya mgeni imefungwa spika juu, kipaza sauti chake kiko mezani. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake wa kupika. Robi alikuwa amekwenda kumwonyesha mgeni kisima, kwa hiyo waliporudi, alimkuta Mwita ameshakaa kwenye kiti cha pembeni mwa kiti chake, koti limemkaa pana, mguu mmoja juu ya mwingine. Robi akadhani amewekwa kushikilia kiti. Nilimwona anamwinamia, na waliokuwa karibu wakaniambia baadaye kwamba alimshukuru, akamwambia, mura, kijana wangu, sasa inuka. Mwita hakuinuka. Na kabla Robi hajaelewa, kipaza sauti kikaanza.

Akatangazwa mgeni, akatangazwa mke wa mgeni, akatangazwa Ndugu Robi, mwenyekiti wa kijiji, watu wakapiga makofi sana. Halafu Bwana Itifaki akasema kwamba katika kuonyesha usawa tulio nao, anayo heshima kumtambulisha mume wa mwenyekiti wetu, Baba Mwenyekiti, Ndugu Mwita. Mwita akasimama akapunga mkono. Wajaluo wakapiga makofi, na wale Waikoma, maana hawakujua undani wetu. Wakurya hawakupiga. Wazee wa mbele waligeuza shingo kwa pamoja kumtazama Robi, na Robi akawa anatazama kitambaa cha meza. Angesema nini? Mgeni yuko pale, pampu haijafunguliwa, na ameisubiri hiyo pampu muda mrefu kuliko alivyonisubiri mimi nizae. Akakaa upande upande, mgongo amempa Mwita.

Mimi kule jikoni nikaanza kuomba Mungu mvua inyeshe, na jua lilikuwa linapasua mawe.

Pampu ikafunguliwa, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa, na kwa muda kidogo nikafikiri tumevuka. Lakini mke wa mgeni alikuwa ameleta zawadi. Mama mwenye roho nzuri yule, sina ubaya naye. Alikuwa amebeba vitenge kwa ajili ya wake wa viongozi, kimoja kimoja, na anapomkabidhi mtu anamfunga mwenyewe kiunoni, watu wanaimba. Akawafunga wawili watatu, kisha akafika kwa Baba Mwenyekiti, akasimama na kitenge mkononi. Hakuna mtu aliyekuwa amefikiria mume wa kiongozi anapewa nini, maana hawajawahi kumpa chochote. Akamtazama Bwana Itifaki, naye akatazama mbingu. Basi mama wa watu akaona heri haki itendeke, akamfunga Mwita kitenge juu ya suruali. Kilikuwa cha manjano chenye picha za jogoo. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikasahau dhambi yangu, nikacheka na mimi, nikacheka nikiwa nimeinama, mpaka Marwa akaamka mgongoni akaanza kulia.

Na hicho kilio ndicho kilichonimaliza. Mke wa mgeni akasikia mtoto, akageuka, na wakati huo huo nikaitwa nipeleke kibuyu cha maziwa meza kuu, kazi ambayo nilikuwa nimepangiwa tangu jana yake. Nikaenda. Mama akampokea mtoto, akamtuliza, akamtazama vizuri. Akamtazama Mwita. Akamtazama tena mtoto. Nimeshawaambia habari za yale masikio.

"Mbona huyu mtoto ni Baba Mwenyekiti mtupu," akasema akicheka, na watu wa mbele wakacheka, na mgeni naye, ili kuchangamsha baraza, akasogeza kile kipaza sauti akamuuliza Mwita kwa utani kama mtoto ni wake.

Mwita akiwa na kitenge chake cha jogoo akasema, "Ndiyo. Ni wangu."

Maneno hayo yalitoka juu ya Landrova yakaenda mpaka ng'ambo ya mashamba. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu. Sikusikia tena kicheko. Wazee wa Kikurya walikuwa wameacha hata kupunga nzi, kwa sababu mtu aliyekuwa hana kiti sasa ana kiti, amepewa na serikali, ametangazwa kuwa mume, na amesema mtoto ni wake mbele ya kijiji kizima. Huyo mtoto ndiye pekee aliyekuwa amebaki kuendeleza jina la mzee Marwa, na mimi niliyemzaa nilikuwa nimemtoa kwa mtu kwa sababu ya kuogopa kiatu.

Lakini wageni wao walisoma kingine kabisa. Walichoona ni mume wa mwenyekiti amekiri hadharani kwamba amezaa na msichana anayegawa maziwa, mke wake amekaa pale pale anasikiliza. Uso wa mke wa mgeni ukabadilika, akamshika Robi mkono akampa pole. Mgeni naye akasimama. Alianza na Mwita, akamwambia wanaume wa namna yake ndio wanaorudisha taifa nyuma, mke anahangaikia maji ya umma na yeye anahangaika na watoto wa watu, avue hicho kitenge maana anawaaibisha hata hao jogoo. Akaja kwangu. Akaniuliza kama nina haya, kama nina wazazi, kama nilipokuwa nalala na mume wa mama huyu niliona yeye si mtu. Yote hayo kipaza sauti kinayapokea. Kila neno alilosema lilikuwa kosa, lakini aliyempa yale makosa ni mimi. Miguu ikakataa, nikakaa chini na kibuyu changu, maziwa yakaniingia kwenye nguo.

Mwita alikuwa anahangaika na fundo la kitenge. Halikufunguka.

Hapo Robi akainuka. Hakuwa mtu wa kelele. Alimwomba mgeni ruhusa kwa adabu, akamchukua mtoto kutoka kwa yule mama, akasogea pale kwenye kipaza sauti, akasema polepole, kwa Kiswahili chetu hiki cha huku:

"Ndugu mgeni, huyu mwanaume siyo wangu. Mimi sina mume, wangu alikufa. Mimi ndiye nilioa. Nilitoa ng'ombe, baba yake alipokea, wazee hawa walikula. Huyu mtoto ni Marwa, wa boma la Marwa."

Wazee wakaitikia kwa Kikurya, wote, sauti moja nzito. Lakini Robi hakuwa amemaliza. Akanigeukia mimi pale chini.

"Ghati, simama. Bila shaka walikuja kukuuliza nimefunga ndoa na nani. Sema sasa."

Mngeona watu walivyonitazama. Nilisimama nimelowa maziwa kifuani, kamasi zinanitoka, na kile nilichoshindwa kumwambia kijana mmoja nyumbani kwangu ilibidi nikiseme mbele ya kijiji kizima, vijiji jirani, na wilaya.

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye mke wake. Mwita hana kitu kwetu."

Mzee mmoja akamsogelea mgeni, akamnong'oneza kwa muda, mgeni anatikisa kichwa, anauliza, anaelezwa tena. Sijui alielewa kiasi gani. Alipogeuka alikuwa ameshapoa, akamtaka Mwita aondoke mezani (akaondoka na kitenge chake, fundo lile lile), halafu akamuuliza Robi swali ambalo nadhani alikuwa anauliza kwa nia njema, kwamba sasa huyu tumwite nani. Robi akamuuliza na yeye, mke wa mwenyekiti aliyepita alikuwa anaitwa nani. Watu wakajibu kutoka chini ya turubai, Mama Mwenyekiti. Robi akasema, basi, na huyu anaitwa hivyo hivyo, jina halijabadilika kwa sababu mwenyekiti amevaa sketi. Nikaongozwa mpaka kwenye kile kiti. Elias, yule bwana wa mwalimu, akasimama katikati ya watoto wake wa darasa la kwanza akapiga makofi peke yake muda mrefu, mpaka mkewe akamfanyia ishara akae, kisha akamfanyia ishara nyingine aje akae karibu naye.

Kwa hiyo nilikipata. Nilikitaka kile cheo kwa nguvu zote, na nilikipata nikiwa nanuka maziwa, nimetoka kuitwa malaya na serikali, na hapakuwa na kitenge kilichobaki. Nilikaa kwenye kiti chenye mgongo na sikuweza kuuegemea.

Tulirudi nyumbani jioni. Nilipika, akala. Nilianza kumwomba msamaha, nikamweleza habari za yule kijana na kalamu, na mikutano, na kwamba niliogopa asije akavuliwa uongozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilitoa ng'ombe zangu zote nisiwe peke yangu. Leo mmenikalisha na mwanaume, nikawa peke yangu mbele ya watu wote." Akaenda kulala. Hakunipiga, hakunitukana, na hakurudia tena neno hilo mpaka anakufa, lakini mimi bado ninalo, linanijia nikiwa napepeta, linanijia kanisani.

Mwita alijaribu, msidhani alikata tamaa siku ile. Alikwenda kwa wazee akiwa na ndugu zake, akidai kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemtaja kuwa mume, na hapo hakusema uongo. Wazee wakamwambia kwamba nililisema neno lile kwa mtu mmoja na nililikana mbele ya wote, kwa hiyo la pili ndilo linalosimama. Lakini na sisi wakatutoza kondoo wa kusafisha boma kwa neno lililotamkwa vibaya, akachinjwa, akaliwa, na Mwita alikula vizuri tu. Hakukanyaga tena kwetu. Watoto wengine waliofuata nilizaa na mtu aliyekuwa bubu kabisa (natania, alikuwa anaongea, ila kidogo).

Tangu hapo niliapa kwamba hakuna atakayeniuliza mwenzi wangu ni nani nikatafuta jibu la kumpendeza. Nimelijibu swali hilo zahanati, nimelijibu shuleni siku ya kumwandikisha Marwa, nimelijibu kwa karani wa sensa aliyeandika, akafuta, akaandika tena. Wengine hucheka. Nawaacha wamalize.

Robi alifariki Marwa akiwa kijana mwenye ndevu. Msiba ulikuwa mkubwa, na kutoka kata akatumwa ofisa mgeni kuja kusoma salamu, kijana mwenye haraka, akapita kati yetu tuliokaa chini akiuliza kama marehemu ameacha mume. Shemeji zangu wakanitazama. Nikasimama.

"Hakuacha mume," nikamwambia. "Ameacha mke. Ni mimi."

Akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini anitangazeje. Nikamwambia anitangaze kama anavyowatangaza wajane wa viongozi wengine, asipunguze na asiongeze. Akafikiri kidogo, akakohoa, akatangaza, na mimi na Marwa tukapita mbele ya watu kumwaga udongo kaburini.